Kuku wa uani atoke mafichoni: funzo la Kampala na Nairobi kwa Busia na Tororo

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande wa mashariki ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya. Upande wa magharibi ni Manispaa ya Busia nchini Uganda. Ndio mji ulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, pale vijana wa baiskeli walipoanza kubeba abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine katika miaka ya 1960. Leo nyingi ya baiskeli hizo zimegeuka pikipiki, na si ajabu kuona kwenye usukani kuku wamening'inia, miguu imefungwa, safari ni ya sokoni.

Kuku huyo huhesabiwa na watu wengi. Muuzaji humhesabu akifungua tenga, afisa humhesabu mpakani, na mpishi humhesabu kabla ya kuwasha jiko. Mahali ambapo hakuna anayemhesabu ni uani, nyuma ya nyumba za mjini, anakolala usiku mmoja au anakoishi miaka miwili bila karatasi yoyote ya kusema yupo pale kihalali.

Hoja ya kuhalalisha kuku wa uani imejadiliwa Kampala ikapata sheria, na imejadiliwa Nairobi ikapata sheria. Kwa Busia zote mbili na kwa Tororo, hoja hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu hapa kuku anayefichwa uani leo ndiye anayevuka mpaka kesho. Akiugua bila mtu kujua, anayepoteza mtaji ni mchuuzi wa pande zote mbili.

Ua ni sehemu ya soko

Kuku wa kienyeji hauzwi kama saruji ya Tororo, inayopakiwa kwenye lori langoni mwa kiwanda. Yeye hukusanywa. Mchuuzi hupita vijijini, iwe ni Nagongera na Mulanda upande wa Uganda au Nambale na Butula upande wa Kenya, akinunua watatu kwa mama huyu na watano kwa mzee yule mpaka tenga lijae. Kama siku ya gulio haijafika, au kama bei ya leo haimfai, kuku hao lazima walale mjini. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mjini kamba hiyo hufungwa kwenye mti wa uani, kwenye nguzo ya choo, au kwenye mguu wa meza jikoni.

Kando ya kuku hao wa safari wapo kuku wa nyumbani. Mama mwenye kibanda cha nyanya hufuga sita au kumi nyuma ya nyumba. Mayai hula watoto, yanayobaki huuzwa dukani kwa jirani. Karo ya shule ikigonga mlango, jogoo mmoja hutoka. Mtoto akipata homa usiku, matetea wawili wanalipa dawa asubuhi. Akiba ya namna hiyo haihitaji kitambulisho wala ada ya mwezi, na haingoji benki ifunguliwe.

Mila nazo zinamshikilia kuku asiondoke mjini. Kwa Waluhya wa upande wa Kenya, mgeni aliyeondoka bila kuonja ingokho hajapokelewa, na firigisi ina mwenyewe, naye ni mwenye nyumba. Wajopadhola wa Tororo wanamwita gweno, na heshima yake mezani ni ileile. Watu waliokulia katika desturi hiyo hawaiachi kijijini wanapohamia kwenye ploti ya mjini.

Takwimu zinaunga mkono wanachokiona wafanyabiashara. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya kuku milioni 30 wa kienyeji, zaidi ya mara tatu ya kuku wa mayai na wa nyama wa kisasa wakijumlishwa. Na si wote wako shamba. Huko nyuma mwaka 1985, Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilifanya utafiti katika miji sita ya Kenya, Kakamega ikiwa mmoja wao, ikakuta kwamba asilimia 29 ya kaya zililima chakula ndani ya mji na asilimia 17 zilifuga mifugo humo humo. Hiyo ni miaka 30 kabla ya Nairobi kuwa na sheria yake ya kilimo cha mjini. Watu hawakungoja ruhusa ili kula.

Sheria inasema nini hasa

Wengi wanaofuga mjini wanaamini kwamba kuku ni kosa. Wengi wanaowakataza wanaamini hivyo pia. Ukifungua sheria yenyewe, mambo hayako wazi kiasi hicho.

Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, inaorodhesha katika kifungu cha 118 mambo yanayohesabiwa kuwa kero. Ndani ya orodha hiyo limo banda au jengo la kufugia wanyama au ndege ambalo limejengwa, limewekwa au linatumiwa kwa namna ya kuudhi au kuhatarisha afya. Maana yake ni kwamba kinachoadhibiwa ni banda baya. Sheria ya Afya ya Umma ya Uganda, iliyoanza mwaka 1935 enzi za Waingereza, ilijengwa juu ya mawazo hayohayo ya kero na usafi.

Shida ni kwamba sheria hizo hazisemi banda zuri likoje. Hazisemi kuku wangapi wanatosha kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, wala banda likae umbali gani kutoka dirisha la jirani, wala nani aje kulikagua. Pale ambapo mji haujatunga kanuni zake kujaza pengo hilo, kuku wa uani huishi kwa huruma ya afisa. Afisa mmoja anapita akisalimia, mwingine anakuja na amri ya kubomoa, na wa tatu anaweza kuondoka na jogoo chini ya kwapa. Mwenye kuku hawezi kubisha kwa sababu hana karatasi, na jirani mwenye malalamiko ya haki hawezi kusaidiwa kwa sababu hakuna kipimo cha kumwambia mwenye kuku amevuka mstari.

Hivyo kila upande unaumia. Jirani anabaki na harufu, mfugaji anabaki na hofu, na mji haujui una kuku wangapi.

Gharama ya kumficha kuku

Ugonjwa unaoua kuku wengi vijijini na mijini katika eneo hili ni mdondo, ule ambao chupa za dawa dukani huuandika Newcastle. Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kufagia karibu kuku wote ndani ya siku chache. Chanjo ipo, bei yake si kubwa, na ile aina inayostahimili joto hutiwa tone moja kwenye jicho la kila kuku kila baada ya miezi minne.

Lakini chanjo ina hesabu yake. Chupa moja kwa kawaida ina dozi 100 au zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi wiki ijayo. Mama mwenye kuku wanane akinunua chupa peke yake anatupa dozi zaidi ya 90. Njia ya busara ni majirani 10 au 15 kukubaliana siku moja, kuchanga pesa, na kuchanja kuku wote wa mtaa asubuhi ileile. Kijijini jambo hilo hufanyika bila shida. Mjini, ambapo kila mmoja anaficha kuku wake ili mwenye nyumba asijue, nani atapiga mbiu ya kusema leteni kuku wenu? Chanjo ya bei nafuu inakuwa ghali kwa sababu ya siri.

Gharama ya pili iko mpakani. Mapema mwaka 2006 mafua makali ya ndege ya aina ya H5N1 yalithibitishwa Nigeria, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Kenya haikuwa na kuku hata mmoja aliyeugua, lakini walaji waliogopa na biashara ya kuku ikaanguka. Januari 2017 ugonjwa ulifika karibu zaidi. Uganda ilitangaza mafua ya ndege ya aina ya H5N8 baada ya ndege wa porini kufa ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na bata na kuku wa kufugwa kufa upande wa Masaka. Mwezi huohuo Kenya ikapiga marufuku kuku na mazao ya kuku kutoka Uganda.

Kutoka Masaka hadi Busia ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Marufuku haikuangalia kilomita. Tenga la Tororo lilizuiwa sawa na tenga la Masaka.

Hapa ndipo hoja ya kuku wa uani inapomgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinaruhusu nchi kugawanywa kwa kanda. Kama eneo moja lina ugonjwa na jingine halina, biashara ya eneo lililo salama inaweza kuendelea, mradi mamlaka zithibitishe kwamba zinawajua kuku wa eneo hilo, zinawakagua, na zinapata habari mapema kuku wakianza kufa. Mji ambao kuku wake wamefichwa hauwezi kuthibitisha hayo. Daktari wa mifugo hawezi kuapa kwa ajili ya kuku asiowajua, na mfugaji anayeogopa faini hatapiga simu kusema kuku wake watano wamekufa usiku. Atawatupa shimoni, au mbaya zaidi, atawauza waliobaki haraka kabla hawajafa.

Njia za panya nazo zina hatari yake. Mwishoni mwa Oktoba 2017, mamlaka za Tanzania ziliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya na kukamatwa Namanga, kwa sababu vilikuwa vimeingizwa bila vibali na nchi hiyo ilikuwa ikizuia vifaranga kutoka nje kwa hofu ya mafua ya ndege. Wengi walilaumu ukatili wa kitendo hicho. Kwa mchuuzi funzo lilikuwa la mfukoni: mtaji wa shehena nzima uliisha kwa moto wa siku moja.

Ni kweli pia kwamba karatasi haiponyi kila kitu. Mwaka 2021 Kenya ilizuia tena kuku na mayai ya Uganda, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuwalinda wafugaji wa Kenya walioumizwa na athari za korona. Marufuku ya namna hiyo ni ya siasa za soko, na chanjo haiiondoi. Lakini ile ya ugonjwa ina dawa, na dawa hiyo inaanzia uani.

Kampala ilivyofika

Kampala haikuamka siku moja ikapenda kuku. Miaka ya 1970 na 1980, uchumi ulipoporomoka na mishahara ikakosa maana, wakazi wa mji walipanda mihogo na ndizi kwenye kila kipande cha ardhi na kufuga kuku nyuma ya nyumba. Utafiti wa Daniel Maxwell mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuta kwamba yapata theluthi moja ya kaya za Kampala zilikuwa zikilima ndani ya mji, na kwamba watoto wa kaya hizo walikuwa na lishe bora kuliko watoto wa kaya maskini zisizolima. Wakati huohuo kanuni za mji zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni zilitazama kilimo na mifugo kama uchafu wa kuondolewa.

Mabadiliko yaliletwa na watu waliokubali kukaa meza moja ingawa hawakukubaliana kwa kila kitu: wafugaji wa mitaani, madiwani, maafisa wa kilimo na wa afya wa halmashauri ya jiji, na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwemo wa udaktari wa mifugo. Mwaka 2004 waliunda kamati ya kuratibu usalama wa chakula, kilimo na mifugo ya jiji la Kampala. Walipitia sheria za zamani kifungu kwa kifungu, wakaangalia pia hatari za kiafya badala ya kuzikana, kisha wakapeleka rasimu mpya kwenye baraza.

Matokeo yalikuwa sheria ndogo za jiji za mwaka 2006. Ipo moja ya kilimo cha mjini, ipo moja ya mifugo na wanyama wa nyumbani, na zipo nyingine za nyama, maziwa na samaki. Msingi wake ni mmoja: anayetaka kufuga au kulima achukue kibali, afuate masharti, na mji uwe na haki ya kumkagua. Baada ya Mamlaka ya Jiji la Kampala kushika uongozi mwaka 2011, mji ulikwenda mbali zaidi na kuwa na kituo chake cha mafunzo ya kilimo huko Kyanja, ambako mkazi wa mjini anaweza kuona banda la mfano kwa macho yake.

Nairobi ilipita njia ndefu kidogo. Taasisi ya Mazingira, ileile ya utafiti wa 1985, ilisaidia kuanzisha mwaka 2004 jukwaa lililokutanisha wakulima wa mjini na maafisa wa serikali. Katiba ya mwaka 2010 ilipozipa kaunti kazi ya kilimo, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya wanyama, mlango ulifunguka. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ikapitisha Sheria ya Kukuza na Kusimamia Kilimo cha Mjini. Jina lenyewe lina mambo mawili, kukuza na kusimamia, na hapo ndipo siri ya mafanikio ilipo. Anayeomba aruhusiwe bila kusimamiwa hapati kura barazani, na anayesimamia bila kuruhusu hana cha kusimamia.

Wanaopinga wana hoja

Haifai kumcheka jirani anayelalamika. Kinyesi cha kuku kikilowa hutoa harufu kali ya amonia inayochoma macho, na ploti za mpakani zimebanana. Nzi hutaga humo, na katika joto la Busia yai la nzi hukua na kuwa nzi kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Jogoo hajui Jumapili wala mgonjwa. Mwenye nyumba za kupanga ana haki ya kuogopa wapangaji wakimkimbia. Wahudumu wa afya nao wanaonya kwamba kuku wanaolala jikoni na watoto wanaweza kuambukiza bakteria wa kuharisha.

Kila moja ya hoja hizo ina jibu ambalo wafugaji wazuri tayari wanalifuata. Harufu hutokana na unyevu, kwa hiyo banda lenye paa lisilovuja, sakafu ya maranda makavu na hewa inayopita halinuki kama banda la tope. Nzi anahitaji wiki nzima, kwa hiyo anayezoa kinyesi kila baada ya siku tatu au nne humkatiza kabla hajaruka. Jogoo hahitajiki kwa mayai ya kula. Tetea hutaga bila yeye. Jiji la New York linaruhusu matetea na kukataza majogoo kwa sababu hiyohiyo. Anayetaka vifaranga anaweza kununua, au kupeleka matetea wake kijijini kwa muda.

Hoja moja haina jibu jepesi, na sheria nzuri lazima iiseme wazi. Mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba 12 hana nafasi ya kuku, na kibali hakiwezi kumwongezea ua. Kwa watu kama hao, na kwa wachuuzi wanaohitaji kulaza kuku usiku mmoja au mbili, mji unaweza kutenga banda la pamoja sokoni, lenye maji, uzio na ada ndogo ya usiku. Bila hilo, sheria itamlinda mwenye ua mkubwa na kumwacha mama wa tenga palepale alipo.

Masharti yanayoweza kufaa mpakani

Kutokana na yaliyofanyika Kampala na Nairobi na yale ambayo wafugaji wanajua, umbo la sheria ndogo ya Busia na Tororo si gumu kuliona. Liwe na idadi ya juu ya kuku kulingana na ukubwa wa ua, kwa kipimo cha kawaida cha kuku watano kwa meta moja ya mraba ya banda. Litaje umbali kutoka mlango wa jirani na kutoka kisima. Lidai banda, maana kuku anayezurura barabarani ndiye anayeleta ugomvi na ndiye anayeokota ugonjwa. Litenganishe kuku wa nyumbani na kuku waliotoka sokoni, ambao wanapaswa kukaa mbali na wengine kwa angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

Ada ya kibali iwe ndogo kiasi kwamba kujificha hakulipi. Kibali kikigharimu kuliko bei ya kuku wawili, mama mwenye kuku sita atarudi mafichoni, na kazi yote itakuwa bure.

Jambo la mwisho ndilo linaloutofautisha mpaka na Kampala. Kila mfugaji apewe kadi ya chanjo yenye tarehe, idadi ya kuku na sahihi ya afisa wa mifugo, na kadi hiyo itambuliwe pande zote mbili kama mwanzo wa ukaguzi. Leo mchuuzi mdogo anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Lakini cheti hicho kinaondoa ushuru tu. Hakiondoi sharti la afya ya mifugo, na hapo ndipo wengi hukwama au kugeukia njia ya panya. Afisa wa mifugo anayeona kadi za chanjo za mitaa ambako kuku walitoka ana jambo la kuandikia kibali. Asiye na chochote mbele yake atakataa, au atataka kitu kidogo.

Mazingira ya kufanya hivyo yapo. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilipofunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni Februari 2018, maafisa wa nchi hizi mbili wanahudumia watu chini ya paa moja. Malaba, iliyo katika Wilaya ya Tororo, ina kituo cha namna hiyo pia. Na Wilaya ya Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997, kwa hiyo Busia na Tororo kukaa pamoja juu ya kuku si jambo geni.

Faida haiishii kwa kuku. Ufugaji halali unakuza soko la chakula cha mifugo: pumba na mahindi yanayopita Busia kila siku, na samaki wadogo wa Ziwa Victoria wanaoitwa mukene wakitua Majanji na omena wakitua Port Victoria. Mchuuzi asiyegusa kuku hata mmoja anaweza kuishi kwa kuwalisha.

Nani aanze

Upande wa Kenya, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti, likiwemo ombi la kutunga au kurekebisha sheria. Ombi hilo halihitaji wakili. Linahitaji maelezo ya wazi ya kinachotakiwa, majina na sahihi, na mwakilishi wa wadi aliye tayari kulisimamia. Baada ya hapo bunge la kaunti lina wajibu wa kikatiba wa kusikiliza maoni ya umma, na ukumbi ukiwa umejaa wapinzani peke yao, matokeo yanajulikana.

Upande wa Uganda, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaipa wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo za wilaya, na mabaraza ya miji na ya ngazi za chini uwezo wa kutunga kanuni zao. Kanuni za mji hupelekwa wilayani zikaguliwe kama hazipingani na sheria kubwa. Diwani wa mtaa ndiye mlango. Vyama vya wafanyabiashara wa Busia na Tororo, ambavyo tayari vinawajua madiwani hao kwa majina, viko karibu na mlango huo kuliko mfugaji mmoja mmoja.

Na kabla ya ombi lolote, ipo hatua ndogo isiyohitaji sheria mpya. Majirani 15 wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga bei ya chupa ya chanjo, kumwita afisa wa mifugo, na kuandika kwenye daftari jina la kila mwenye kuku, idadi, na tarehe. Baada ya miezi minne wanarudia. Daftari hilo likifika mbele ya baraza, madiwani watakuwa na hesabu ya kuku wa mtaa mzima mkononi, na jirani anayelalamika atajua aende kwa nani.

Kampala ilihitaji miaka kadhaa kutoka mkutano hadi sheria. Busia na Tororo zinaweza kuhitaji muda kama huo. Mdondo hautangoji, na mafua ya ndege yakirudi ufukweni mwa ziwa, afisa wa mpakani atauliza swali lilelile la mwaka 2017: kuku hawa wametoka wapi, na nani anawajua? Mtaa wenye daftari utakuwa na jibu.